Mnyororo na Kufuli la Pikipiki Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Pikipiki hulala nyumbani saa nyingi kuliko inavyokaa mahali pengine popote. Mwizi anayejua inapolala anaweza kupita mchana kuitazama, akaenda kutafuta kifaa kinachofaa, kisha akaja usiku watu wakiwa wamelala fofofo. Ndiyo maana mnyororo wa nyumbani hauchaguliwi kama ule wa kubeba njiani. Maswali haya nimeyajibu ana kwa ana mara nyingi, na baadhi ya majibu niliyajua nikiwa nimeshachelewa. Neno moja kabla hatujaanza: nikisema mnyororo nakusudia ule wa kufungia. Ile inayozungusha gurudumu la nyuma nitaiita cheni, kama mafundi wanavyoiita.

Pikipiki yangu ina loki ya usukani. Haitoshi?

Haitoshi. Ndani ya loki ile kuna kijipini cha chuma chembamba kuliko kidole, nacho hukatika mtu akiweka mguu kwenye usukani na kuusukuma kwa nguvu. Hata kisipokatika, hakizuii pikipiki kubebwa. Pikipiki ya cc 125 ina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi; wanaume watatu huinyanyua mzimamzima na kuipakia kwenye gari kabla hujapata viatu vyako. Kufuli la diski lina upungufu huohuo: linazuia gurudumu lisizunguke, lakini halijaifunga pikipiki na kitu chochote. Vitumie vyote viwili, ila jua kwamba kinachoifunga pikipiki na ardhi au ukuta ni mnyororo.

Ninunue mnyororo wa unene gani?

Kwa nyumbani, milimita 16. Nikipata mtu anayeweza kumudu 19 simzuii, lakini chini ya 16 sishauri.

Sababu ni mikasi mikubwa ya kukatia vyuma, ile yenye mikono mirefu inayokaribia mita moja au kuzidi. Ni kifaa cha kimya, hakihitaji umeme, na mwizi anaweza kukificha ndani ya koti. Mnyororo wa milimita 10 kwa mkasi huo ni kazi ya kubana mara moja. Wa 12 au 13 unahitaji mtu mwenye nguvu na mkasi mkubwa zaidi, lakini unakatika. Ukifika 16 za chuma kilichogumishwa vizuri, mkasi wa mkono unashindwa: ama pete haiingii vizuri kinywani, ama meno ya mkasi yanapata pengo kabla chuma hakijakubali.

Watu huona tofauti ya 10 na 16 kuwa ndogo kwa sababu ni milimita sita tu. Hesabu eneo la chuma linalopaswa kukatwa. Fimbo ya milimita 10 ina milimita za mraba 78 na nusu. Ya 13 ina 133. Ya 16 ina 201. Yaani ukiongeza milimita sita, chuma cha kukata kimekuwa mara mbili na nusu.

Hakikisha pia unapima kitu sahihi. Unene ni wa fimbo ya chuma iliyopindwa kuwa pete, si upana wa pete nzima, wala si unene wa mnyororo ukiwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Nimeona mnyororo uliojaza kiganja kwa sababu ya mfuko, na ndani yake mlikuwa na chuma cha milimita 8. Vuta kitambaa kando uweke rula juu ya chuma chenyewe.

Wa milimita 16 si mzito mno?

Ni mzito. Mita moja ina kilo 5 hadi 6, kwa hiyo mnyororo wa mita moja na nusu unafika kilo 8 au 9 pamoja na kufuli. Lakini nyumbani uzito si hasara kwako, kwa sababu hutaubeba kwenda popote. Unaufunga kwenye nanga yake, unaondoka asubuhi ukiuacha hapohapo sakafuni, unarudi jioni unaukuta. Anayelemewa na uzito huo ni mwizi, anayetaka kuugeuza, kuuvuta na kuushikilia gizani. Kama unahitaji kitu cha kubeba njiani, nunua kingine chepesi. Usilegeze ulinzi wa usiku ili upate kitu kimoja cha kazi zote mbili.

Unene peke yake unatosha kunihakikishia?

Hapana, na hapa ndipo fedha nyingi za watu hupotelea. Kuna mnyororo mnene wa chuma laini, wa kuvutia magari au kufungia magogo, ambao msumeno wa chuma unaupita taratibu bila shida. Kuna pia minyororo ya kunyanyulia mizigo, mara nyingi imechongwa namba 80 kwenye pete. Hiyo ni imara kweli, lakini imara kwa kuvutwa. Hubeba tani kadhaa bila kukatika, na bado mkasi ukaiweza, kwa sababu haikutengenezwa kupambana na makali.

Mnyororo wa ulinzi hutengenezwa kwa chuma cha aloi, mara nyingi chenye manganizi na boroni, kisha hupitishwa kwenye moto ili ngozi yake ya nje iwe ngumu kuliko meno ya mkasi na msumeno. Kiini cha ndani huachwa na unyumbufu kidogo. Chuma chote kikiwa kigumu kupita kiasi, hupasuka kwa nyundo kubwa kama kikombe cha udongo.

Namna ya kupima bila maabara ni tupa. Chukua tupa ndogo ya fundi, chagua pete moja, isugue kwa ukingo wa tupa mpaka uipite rangi ya juu. Kwenye chuma laini tupa inauma: mkono unahisi kama umekamatwa, mkwaruzo ni mzito, na ukipitisha kidole unapata unga wa chuma unaong'aa. Kwenye chuma kilichogumishwa tupa inateleza kama imewekwa juu ya kioo, inatoa mlio mwembamba, na ukitazama chini yake unakuta alama ya kung'aa tu, hakuna mfereji. Fanya hivyo kwenye pete, halafu kwenye upinde wa kufuli. Muuzaji anayekataa kabisa hata pete ya mwisho isiguswe, mimi huwa namshukuru na kuondoka.

Pete za duara au zenye pembe: zipi bora?

Pete zenye pembe nne au sita hufanya kinywa cha mkasi kishike vibaya, na hilo lina faida yake. Lakini nisingelipa zaidi kwa ajili ya pembe peke yake. Unene na ugumu vina uzito kuliko umbo. Kinachonihusu zaidi ni nafasi iliyo ndani ya pete: iwe ndogo kiasi cha kuzuia mtaimbo au ncha ya jeki kuingia na kuitanua.

Na grinda ya betri je?

Grinda inakata mnyororo wowote wa chuma, na anayekuambia mnyororo wake haukatiki kwa grinda mwombe akuonyeshe. Diski nyembamba hupita fimbo ya milimita 16 kwa muda wa kama dakika moja.

Hata hivyo, unene bado unakusaidia. Pete nyembamba ikikatwa upande mmoja huweza kupindwa ikafunguka. Pete ya 16 haipindiki kwa mkono, kwa hiyo mwizi anapaswa kukata pande zote mbili. Muda wote huo grinda inapiga kelele na kurusha cheche zinazoonekana mbali. Mnyororo unaoning'inia kwa kulegea unacheza na kuibana diski, na diski nyembamba ikibanwa hupasuka. Ukutani kwenye kona yenye nafasi finyu, grinda yenyewe haipati pa kukaa. Unachonunua ni muda na kelele, na kwenye nyumba yenye watu vitu hivyo viwili vina thamani.

Siku hizi yapo makufuli yaliyoundwa mahsusi kwa ajili ya grinda. Hiplok na Litelok, kampuni mbili za Uingereza, hutengeneza makufuli ya umbo la U yaliyofunikwa kwa ganda la mchanganyiko maalumu ambalo hula diski ya grinda badala ya kuliwa nayo. Mwizi anamaliza diski kadhaa. Ni ya bei ya juu na hayafikii mbali kama mnyororo, lakini yakitumika kuibana fremu moja kwa moja kwenye nanga ni ulinzi mzuri kuliko mnyororo wowote ninaoujua.

Alama za ubora kwenye pakiti zina maana gani?

Zile zinazotolewa na mtengenezaji mwenyewe, kama vile "kiwango cha 10 kati ya 12", hulinganisha bidhaa zake na bidhaa zake. Haziwezi kukuambia chochote juu ya mnyororo wa kampuni nyingine. Tafuta alama za wapimaji wa nje.

Sold Secure ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1992 kwa juhudi za polisi wa Northumbria na Essex, na hupanga bidhaa kuanzia shaba, fedha, dhahabu hadi almasi. Angalia alama ilitolewa kwa kundi gani, maana dhahabu ya baiskeli si dhahabu ya pikipiki. Majaribio ya kundi la baiskeli ni mepesi zaidi. ART ya Uholanzi hutoa nyota 1 hadi 5, na kwa pikipiki ningetafuta 4 kwenda juu. Makufuli ya kawaida yanaweza kuwa na namba ya kiwango cha Ulaya, EN 12320, inayoanza daraja la 1 na kuishia la 6. Kama una bima ya wizi, soma mkataba kabla ya kununua: baadhi ya kampuni hutaja alama wanazozikubali, na risiti ya mnyororo unapaswa kuitunza pamoja na hati za pikipiki.

Kufuli linapaswa kuwaje?

Liwe na nguvu sawa na mnyororo. Sentensi hiyo ni fupi lakini ndiyo inayovunjwa kila siku: mtu ananunua mnyororo wa milimita 16, kisha anaufunga kwa kufuli la mlango wa stoo lenye upinde wa milimita 8. Mwizi hana haja ya kuutazama mnyororo tena.

Tazama kwanza upinde, yaani ile sehemu iliyopinda inayopita kwenye pete. Unene wake uwe milimita 13 au zaidi. Kisha tazama unaonekana kwa kiasi gani kufuli likiwa limefungwa. Makufuli mazuri yana mabega yaliyopanda pande zote mbili mpaka upinde unabaki na upenyo unaotosha pete mbili tu. Mkasi hauna pa kuingia, mtaimbo hauna pa kushika. Kufuli lenye upinde mrefu ulio wazi ni zawadi kwa mwizi hata likiwa zito.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: upinde unapaswa kushikwa pande zote mbili ndani ya kufuli. Kwenye makufuli hafifu unashikwa upande mmoja, kwa hiyo ukikatwa mahali pamoja unazunguka na kufunguka. Unaweza kukagua mwenyewe. Fungua kufuli, utoe upinde, utazame kama una mikato miwili, mmoja kila mguu.

Beba pete ya mwisho ya mnyororo, au mnyororo wote, unapokwenda kununua kufuli. Upinde mnene wa kufuli usipopita kwenye pete za mnyororo wako, utarudi nyumbani na vitu viwili vizuri visivyofungana.

Aina ya ufunguo ina umuhimu?

Una umuhimu, ingawa wezi wengi huvunja badala ya kuchokonoa. Epuka kufuli lenye ufunguo wa bomba, ule wa duara, kama hujui lilitengenezwa lini. Mwaka 2004 ilijulikana duniani kote kwamba baadhi ya makufuli ya aina hiyo yanafunguka kwa kusukuma ganda la kalamu ya plastiki kwenye tundu na kulizungusha. Watengenezaji walibadilika, lakini ya zamani na ya kuigiza bado yapo.

Ninayoyapenda ni yale yenye vijidiski ndani vinavyozunguka pamoja na ufunguo, mtindo uliovumbuliwa na Mfini Emil Henriksson mwaka 1907. Ndani hayana vile vijiti vidogo vinavyosukumwa na springi, kwa hiyo ni magumu kuchokonoa, na vumbi haliyasumbui haraka.

Makufuli ya namba nayaacha kabisa kwa pikipiki. Na ile waya nene iliyosukwa, iliyofunikwa plastiki, inafaa kufungia kofia ya kujikinga unapoingia dukani.

Nifunge pikipiki na nini?

Hili lilipaswa kuwa swali la kwanza. Mnyororo usiofungwa na kitu imara hubebwa pamoja na pikipiki, ukaenda kukatwa kwa utulivu mahali pengine.

Kitu bora ni nanga: pete nene ya chuma kigumu iliyoshikizwa kwenye zege. Zipo za aina mbili. Ya kwanza hufungwa kwa bolti juu ya sakafu au ukuta. Hiyo inahitaji zege lenyewe, si tofali lenye uwazi ndani, wala si sakafu nyembamba ya saruji iliyomwagwa juu ya udongo. Hiyo hupasuka na kung'oka na kila kitu. Toboa kwa kina ambacho mtengenezaji amekiandika, pulizia vumbi litoke lote, kisha tumia gundi ya kemikali ya kushikia bolti kama inapatikana, maana vumbi likibaki gundi hushika vumbi badala ya zege. Vichwa vya bolti vyenye tundu la pembe sita viharibu kwa makusudi: pigilia gololi ya chuma ndani ya kila tundu mpaka izame. Spana haitaingia tena. Hakikisha tu nanga iko mahali pake, kwa sababu baada ya hapo hata wewe hutaifungua.

Aina ya pili huzikwa. Unachimba shimo, tuseme sentimita 30 kwa 30 na kina cha 40, unasimamisha nanga yenye miguu iliyopitishiwa nondo mtambuka ili isichomoke, kisha unajaza zege. Shimo hilo peke yake ni karibu kilo 85 za zege, nalo limeshikwa na ardhi pande zote. Liache likomae. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28, na ingawa unaweza kuanza kulitumia mapema zaidi, usilivute wala kulitoboa wiki ya kwanza.

Mahali pa nanga pafikirie kabla ya kushika drili. Mimi huweka chini kabisa kwenye kona, upande wa ukuta, ili pikipiki yenyewe isimame kati ya nanga na mtu anayetaka kuifikia.

Nondo za dirisha? Hapana. Ni chuma laini, msumeno wa kawaida unatosha, na mwizi akizikata amefungua njia ya kuingia ndani ya nyumba pia. Nguzo ya mbao hapana. Nguzo ya bomba iliyofunguka juu hapana, kwa sababu mnyororo huinuliwa ukatokea kileleni.

Nimepanga, na mwenye nyumba haruhusu kutoboa sakafu.

Tengeneza uzito wako mwenyewe. Zege lina takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Pipa la lita 200 ukilijaza nusu unapata karibu kilo 240, na ukizamisha ndani yake pete ya nanga yenye miguu mirefu iliyopindwa, una kitu ambacho hakiondoki bila watu wengi na kelele nyingi. Lijengee hapohapo litakapokaa, maana halitahamishika. Ukihama unaliacha au unalivunja.

Kama mko wapangaji wawili wenye pikipiki, zifungeni pamoja, fremu kwa fremu, juu ya nguzo au pipa hilo. Pikipiki mbili zilizofungwa pamoja hazipiti kwenye mlango mmoja. Lakini kabla ya yote hayo, zungumza na mwenye nyumba. Wengi hukubali mkiwaeleza kwamba nanga ni tundu nne ndogo na itabaki kuwa mali ya nyumba.

Mnyororo niupitishe wapi kwenye pikipiki?

Kaka yangu alikuwa na mnyororo mzuri kuliko wangu. Asubuhi moja tulitoka nje tukakuta gurudumu la mbele limeegemea ukuta peke yake, mnyororo umelizunguka, kufuli halina hata mkwaruzo. Kwenye mchanga ilikuwapo nati ya ekseli, imewekwa pembeni taratibu na mtu aliyekuwa na nafasi. Nati hiyo hufunguliwa kwa spana moja. Tangu siku hiyo, nikimwona mtu anafunga gurudumu la mbele nasimama kumwambia.

Upitishe kwenye fremu, ile sehemu iliyofungika, ambayo huwezi kuutoa mnyororo bila kukata pikipiki. Pikipiki nyingi zina nafasi chini ya tangi au karibu na mahali mkono wa nyuma unaobeba gurudumu unapoungana na fremu. Kama mnyororo mnene hauingii hapo, pita kwenye gurudumu la nyuma pamoja na mkono huo, vyote viwili kwa mzunguko mmoja. Gurudumu la nyuma lina cheni na breki, kulitoa ni kazi ndefu zaidi. Usifunge usukani, wala kishikio cha abiria, wala kitu chochote kilichoshikwa kwa bolti unazoziona.

Na ukishaifunga pikipiki, usiache mnyororo ukilala sakafuni. Ukiwa chini, mwizi anaweka mkono mmoja wa mkasi kwenye sakafu na kuukanyaga ule mwingine kwa uzito wake wote, au anaitumia sakafu ya zege kama fuawe na kuupiga mnyororo nyundo. Ukining'inia hewani anabaki na nguvu ya mikono yake tu. Kufuli nalo lielekee chini au ndani, lisipumzike juu ya kitu kigumu.

Urefu gani unatosha?

Usikisie. Chukua kamba, ipitishe kuanzia kwenye nanga, kwenye fremu, irudi mpaka ikutane, ukiiruhusu kupinda kwa upana kwa sababu mnyororo mnene haukunjiki kama kamba. Pima, ongeza pete mbili tatu. Kwa wengi inaangukia kati ya mita 1.2 na 1.5 pale ambapo nanga iko karibu. Urefu wa ziada huleta shida: mnyororo hulala chini.

Ipo minyororo yenye pete moja kubwa mwishoni, ambayo mwili wa mnyororo hupita ndani yake kama kitanzi. Hiyo hukupunguzia urefu unaohitaji kununua, kwa kuwa upande wa nanga unajikaza wenyewe na upande wa pikipiki unabaki wa mstari mmoja tu.

Fundi wa kuchomelea anaweza kuniunganishia mnyororo au pete?

Kuunganisha mnyororo wa ulinzi kwa kuchomelea, hapana. Joto la kuchomelea hulegeza ule ugumu uliowekwa kiwandani, na eneo la karibu na kiungo hubaki laini au hupata nyufa usizoziona. Ukijaribu tupa pembeni ya kiungo utaona inauma. Fundi akusaidie kutengeneza miguu ya nanga ya kuzikwa, sehemu inayoingia kwenye zege, na pete yenyewe inunuliwe ikiwa imegumishwa.

Ni kweli wezi hugandisha mnyororo na kuupasua?

Kwa mnyororo mnene, usipoteze usingizi. Makopo ya gesi ya kupulizia hayawezi kupoza kilo kadhaa za chuma kiasi hicho.

Nautunzaje mnyororo na kufuli linalokaa nje?

Kufuli hufa kwa maji na vumbi kabla ya mwizi kulifikia. Lifunge likitazama chini ili maji yasitulie kwenye tundu, na kama lina kifuniko cha ufunguo kitumie kila siku. Kila miezi miwili hivi lisafishe kwa kupuliza, kisha tia unga wa grafiti au mafuta makavu ya makufuli. Dawa ya kupulizia ya kuondolea unyevu itasaidia siku limekwama, lakini hukauka upesi, na baadaye unahitaji kilainishi chenyewe. Grisi nzito usitie kwenye tundu. Hukamata mchanga ukawa kama msasa.

Mfuko wa kitambaa unaofunika mnyororo ni wa kulinda rangi ya pikipiki, si wa kumzuia mwizi. Ukilowa mvua, usogeze pete zipate hewa. Kutu ya juu haipunguzi nguvu upesi, lakini ukiona pete zimeanza kulika, badilisha.

Fedha hazitoshi kununua vyote. Nianze na nini?

Anza na mahali pa kufungia, kwa sababu zege, pipa na jasho ni vya bei nafuu kuliko chuma kigumu. Kisha nunua kufuli zuri, na mnyororo wa 13 uliogumishwa kweli badala ya wa 16 wa chuma laini. Ufunge juu, kwenye fremu. Ukipata fedha, mnyororo wa 13 uhamishie kwenye gurudumu la mbele na ununue wa 16 kwa ajili ya fremu. Mifumo miwili ya aina tofauti humlazimisha mwizi kuja na vifaa viwili.

Kava la pikipiki nalo lina kazi kubwa kuliko bei yake: mpita njia hajui ni aina gani wala imefungwaje. Taa inayowaka yenyewe mtu akipita na king'ora cha kufungwa kwenye pikipiki vinasaidiana na mnyororo vizuri, kwa kuwa mnyororo unanunua dakika na king'ora kinakuamsha uzitumie. Ukiamka, washa taa, piga kelele, piga simu. Usitoke peke yako kukabiliana na watu wenye mitaimbo. Pikipiki hununuliwa tena.

Si rahisi zaidi kuilaza ndani ya nyumba?

Ndani ni salama dhidi ya mwizi, lakini fikiria moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukakutana na jiko au cheche. Kama huna budi, iwe chumba chenye hewa, mbali na jiko, mfuniko wa tangi uwe mzima, na koki ya mafuta uifunge kama pikipiki yako inayo. Isikae kwenye mlango ambao familia ingeutumia kukimbilia nje. Na hata ndani, ifunge mnyororo.

Funguo za akiba niweke wapi?

Mbali na ufunguo wa pikipiki, na kamwe si kwenye mkungu mmoja uliotundikwa nyuma ya mlango. Makufuli bora huja na kadi yenye namba ya ufunguo. Iandike mahali pengine na usiipige picha ukaituma kwa mtu, maana kwa namba hiyo ufunguo unaweza kuchongwa upya. Siku ya kwanza jaribu funguo zote, moja baada ya nyingine, kufuli likiwa wazi mkononi mwako. Ufunguo wa akiba wenye kasoro ya kiwandani ni afadhali uugundue dukani kuliko siku ule wa kwanza umepotea na mnyororo wa milimita 16 umeishika pikipiki yako mwenyewe.